Datsun 240Z ya Safari Rally 1971: wekundu wake hasa ni upi? (Uzi wa wakusanyaji wa daikasti, yaani vigari vya chuma cha kumimina)

Kipimo43 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mezani kwangu leo kuna Datsun 240Z tatu. Zote ni za kipimo cha 1:43, yaani milimita moja ya modeli ni milimita 43 za gari halisi, zote zina namba 11 mlangoni, na zote zinadai kuwa gari lile lile la Edgar Herrmann na Hans Schüller lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Ya kwanza ni nyekundu ya nyanya iliyoiva. Ya pili inaelekea rangi ya machungwa, kama pilipili iliyoanza kuiva. Ya tatu ni nyekundu nzito, karibu na damu. Hiyo ya tatu niliipaka mwenyewe, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Niliikuta soko la Karume, Dar es Salaam, kwenye fungu la midoli ya mitumba, imefungwa mfuko mmoja na farasi wa plastiki. Ilikuwa imepoteza kioo cha taa moja tu. Nilipofika nayo nyumbani nikailinganisha na picha niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa shabiki mkubwa wa Safari. Ile picha ya rangi ilikaa kwenye albamu, albamu ndani ya sanduku, kwa miaka mingi sana. Kwenye picha gari lina wekundu mzito, na modeli yangu ilionekana imepauka mbele yake. Nikasema mtengenezaji amekosea. Nikanunua dawa ya kubandua rangi, nikaivua yote pamoja na stika zake, nikapuliza upya, nikatafuta namba nyingine za kubandika. Nilifanya kazi hiyo wiki tatu, usiku kwa usiku.

Mwaka jana binti yangu aliichukua ile picha, akaniuliza: baba, mbona polisi huyu amevaa shati la waridi? Nikaangalia. Shati la polisi lilikuwa waridi kweli, majani ya pembeni yalikuwa ya kahawia, na anga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Picha nzima ilikuwa imekuwa nyekundu, na gari lilikuwa limepata sehemu yake tu ya wekundu huo.

Nikaanza kusoma. Karatasi ya picha za rangi za zamani ilikuwa na rangi za aina tatu: samawati, majenta na njano. Kwenye picha nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilizofungiwa gizani penye joto, samawati ndiyo iliyochuja kwanza, na ikishaondoka kila kitu kinaelekea wekundu. Kwa hiyo niliiharibu modeli ambayo yawezekana ilikuwa sahihi, kwa kuamini shahidi aliyekwisha kuzeeka. Inaniuma hadi leo, kwa sababu ile rangi ya kiwandani haitarudi.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kuhukumu modeli, na rangi nimeiweka mwisho. Sisemi kwamba rangi haina maana. Nasema ndiyo inayotudanganya kirahisi kuliko vitu vingine vyote.

Kwanza napima umbo. 240Z halisi ina milimita 2,305 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gawanya kwa 43, unapata 53.6. Nachukua kalipa, kile kifaa cha meno mawili cha kupimia milimita, napima katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Ikija 53 au 54, nashukuru. Ikija 51, najua mtu amelifupisha gari ili lienee kwenye ekseli alizokuwa nazo stoo, na hapo hata ukilipaka rangi kutoka kopo la Nissan wenyewe, waliotengeneza Datsun, halitakuwa 240Z.

Pili natazama lilivyosimama, na hapa ndipo modeli nyingi za Safari zinaponiudhi. Gari la Safari liliinuliwa kwa sababu ya mawe, mitaro na mito. Baadhi ya watengenezaji huchukua umbo lile lile waliloliuza kama gari la mashindano ya Monte Carlo, wakabandika stika za Safari, wakaliacha limelala chini kama linakwenda kwenye theluji. Kwenye 1:43, kuinuliwa kwa sentimita 5 ni milimita 1.2 tu. Ni kidogo sana, lakini jicho linaiona hata kabla akili haijajua imeona nini.

Tatu naangalia kila kitu kilichowekwa kwa kazi fulani, kama kinaonekana kuwa na kazi hiyo. Boneti nyeusi ya 240Z haikupakwa kwa urembo. Weusi wa kufubaa huzuia jua lisirudi machoni mwa dereva. Modeli yenye boneti nyeusi inayong'aa kama kiatu cha harusi imekosea, na sihitaji picha yoyote kulijua hilo.

Baada ya hayo yote ndipo nakuja kwenye wekundu. Naomba wenye ujuzi wa rangi, hasa mafundi, mnisaidie: katika hizi tatu, ipi mngeiweka rafuni?

MgeniHapa

Shikamoo mkuu. Mimi ni mgeni kwenye haya mambo, nina vigari kumi na viwili, vingi ni Hot Wheels za mwanangu nilizomnyang'anya kwa upole. Naomba kueleweshwa kwa nini 1:43, na si 1:40 au 1:50 ambazo hesabu yake ni rahisi? Na nawezaje kujua kigari changu ni kipimo gani kama hakijaandikwa chini?

Kipimo43

Marahaba mdogo wangu, karibu sana.

Namba hiyo ilitoka kwenye treni za kuchezea. Treni za kipimo cha O za Uingereza zilipimwa milimita 7 kwa kila futi moja. Futi ni milimita 304.8, ukigawa kwa 7 unapata 43.5. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilipoanza kutoa vigari mwaka 1934 kwa jina la Dinky Toys, wazo la mwanzo lilikuwa vikae pembeni ya reli za treni zake za Hornby. Treni zile zimebaki kwa wazee wachache, kipimo kimebaki kwetu.

Kujua kipimo, tafuta urefu halisi wa gari hilo, ugawanye kwa urefu wa modeli yako, vyote kwa milimita. Lakini bora utumie umbali wa ekseli kuliko urefu, maana bampa na ngao (vyuma vya kukinga mbele ya gari) hubadilisha urefu. Hizo Hot Wheels usizipime kwa hasira. Zilianza mwaka 1968 kwa ajili ya kukimbia kwenye njia ya plastiki, na kila gari hubanwa au kuvutwa ili lienee kwenye pakiti moja. Lori na Mini zinaweza kulingana urefu. Watu huziita 1:64 kwa mazoea tu.

FundiBodi

Mleta uzi, mimi napiga rangi magari halisi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa sasa. Modeli ninazo nane, nyingi ni za 1:18 kwa sababu macho yameanza kuchoka. Nitakwambia kwa lugha ya gereji.

Kosa la kwanza unalolifanya ni kuuliza rangi bila kusema umeitazama chini ya taa gani. Nimeshawahi kulinganisha madigadi ya Corolla ndani ya gereji, chini ya balbu, nikaapa imekubali. Mteja amelitoa gari nje, saa sita mchana, madigadi imejitenga kama imetoka gari jingine. Rangi mbili zinaweza kukubaliana chini ya taa moja zikakataana chini ya nyingine, kwa sababu hazikuchanganywa kwa unga wa aina moja. Modeli yako na gari halisi ndivyo zilivyo: hakuna hata chembe moja ya unga wanayoshirikiana. Kwa hiyo usiulize kama zinafanana. Uliza zinafanana wapi.

Wekundu una balaa zaidi. Taa nyingi za LED za bei rahisi hazina wekundu wa kutosha ndani ya mwanga wake, na kitu chekundu chini yake kinaonekana kama kimekufa. Watu wanalaumu modeli kumbe ni taa ya sebuleni. Toka nayo nje, saa tatu au saa nne asubuhi, ukae kivulini palipo na mwanga wa anga, uweke karatasi nyeupe pembeni. Hapo ndipo pa kutolea hukumu.

Jambo la pili ni ukubwa. Ukichukua kipande cha rangi kinacholingana na kucha ukapaka ukuta mzima rangi hiyo hiyo, ukuta utaonekana umewaka zaidi. Kila mteja wa rangi za nyumba amelishuhudia hilo. Sasa geuza: rangi sahihi kabisa ya gari ukiitia kwenye kitu cha sentimita tisa na nusu, itaonekana nzito kidogo kuliko ulivyoizoea barabarani. Watengenezaji wazuri huipunguza nguvu kidogo kwa makusudi. Hiyo ya pili yako, ya pilipili, huenda ni mtu aliyejaribu hilo akapitiliza.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma kama fundi, ni unene. Rangi ya gari halisi, kuanzia praima ya chini hadi klia ya juu isiyo na rangi, ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Kwenye modeli yako ya 1:43, rangi ya mikroni 40 tu ni sawa na kulipiga gari halisi rangi nene ya milimita 1.7! Hakuna mlango ungefunga. Ndiyo maana ukiona mistari ya milango imejaa, pembe zimekuwa mviringo, gari limekuwa kama sabuni iliyotumika, usihangaike na aina ya wekundu. Hiyo modeli imeshazama ndani ya rangi.

Na mnaopenda metaliki, rangi zenye chembe za kumetameta, kumbukeni chembe za alumini hazipungui kwa sababu gari limepungua. Chembe ya mikroni 20 kwenye 1:43 ni kama kipande cha karibu milimita moja kwenye gari halisi. Ndiyo maana magari mengi ya fedha yanaonekana kama yamemwagiwa pambo la kadi ya harusi.

BintiKisauni

Salaam kwenu nyote. Kaka Kipimo, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, ila hapo pa kuiweka rangi mwisho sikubaliani nawe.

Mzee wangu alikuwa makanika hapa Mombasa enzi Safari bado inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, kama ilivyoanza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari. Macho yake sasa ni ya kubahatisha. Namba ya mlangoni haisomi, umbali wa ekseli hauoni. Nikimpa modeli mkononi anachokiona ni rangi tu, na kwa hiyo rangi anakwambia mwaka, dereva, na mahali alipokuwa amesimama. Nilimpa Lancia Delta ya dereva Miki Biasion ya 1988, nyeupe na mistari ya Martini, akasema mara moja: hii ndiyo ya Mtaliano. Kalipa haiwezi kufanya kazi hiyo.

Mimi nakusanya Peugeot. Familia yetu ni ya Peugeot. 404 ilishinda mara nne: 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, 1966 na 1967 kwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliotoka Tanzania. Hiyo 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba tena! Mzee akitaja hizo namba anasimama.

Basi, siku niliyompelekea 404 mpya kutoka kwenye boksi, safi, inang'aa, aliishika, akaizungusha, akaniuliza: tope liko wapi?

Nalileta swali lake hapa. Safari ilikuwa ikikimbiwa Pasaka, masika yameshika. Gari lililofika mwisho halikuwa na rangi ya kiwandani, lilikuwa na rangi ya nchi. Sasa mnabishana wekundu wa nyanya na wekundu wa pilipili, wakati gari lenyewe saa ya kushinda lilikuwa limefunikwa nusu yake na udongo. Je, hiyo si sehemu ya usahihi wa rangi?

Kipimo43

Dada, mkumbatie mzee kwa niaba yangu. Swali lake ni zito kuliko langu.

Nakubali kwamba rangi ndiyo inayomfanya mtu alitambue gari. Nilichokuwa nakataa ni kuitumia rangi kuhukumu kazi ya mtu wakati ushahidi wenyewe umechuja. Hayo ni mambo mawili, na kwenye andiko langu la mwanzo niliyachanganya.

Kuhusu tope, nimeona modeli zinazouzwa na tope tayari, na nyingi nimezikataa. Tope lake ni la kahawia baridi, la shamba la Ulaya. Barabara za murram tunazijua zilivyo. Vumbi lake ni jekundu linaloelekea kutu, na ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanata mpaka tairi linakuwa kama andazi. Mtu aliyepaka tope la kahawia hakujua gari limetoka wapi.

BintiKisauni

Hapo umenena. Mimi nilijitengenezea. Nilileta udongo kidogo kutoka Voi, nikaukausha juani siku mbili, nikauchekecha kwa kitambaa cha chachi kilichokunjwa mara nne. Nikaupaka kwa brashi laini juu ya vanishi ya kufubaa ambayo haijakauka, kuanzia chini ya milango, nyuma ya matairi, na kwenye bampa ya nyuma kwa wingi zaidi. Kioo cha mbele nikaacha nusu duara mbili zilizofutwa na waipa. Mzee ameiweka kando ya redio yake, haruhusu mtu aipanguse.

FundiBodi

Dada umefanya kazi ya kiungwana. Nyongeza moja tu kwa watakaoiga: chekecheni zaidi ya hapo mkiweza. Chembe ya mchanga ya robo milimita kwenye 1:43 ni jiwe la sentimita moja. Ukiiacha, gari lako litaonekana limepakwa kokoto. Na msifanye hivyo kwenye modeli adimu. Tope la vanishi halitoki bila kuondoka na stika.

WaMutrah

Assalaam alaykum jamaa. Nasoma kutoka Maskati, nyumbani tunasema Kiswahili cha bibi zetu wa Unguja. Mmezungumza rangi na umbo, naongeza maradhi, kwa sababu sote tunakaa penye joto na chumvi.

Nilikuwa na Toyota Celica mbili za Safari, zile zenye ngao mbele na bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo ili injini isinywe maji mtoni. Niliziacha juu ya vibao vyao vya plastiki kiangazi kizima kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Kuja kuziinua, matairi yameshikana na kibao, na chini yake kibao kimeyeyuka na kuacha alama nne. Matairi laini ya plastiki yana mafuta ya kulainisha ndani yake, na mafuta hayo huhamia kwenye kibao na kukila. Siku hizi nazitegemeza chini ya tumbo kwa vipande vya akriliki, matairi yasiguse kitu.

Maradhi mabaya zaidi ni ya chuma chenyewe. Daikasti nyingi ni zamaki, aloi ya zinki iliyotiwa alumini, magnesiamu na shaba, na jina lake limefinyangwa kutoka majina ya Kijerumani ya madini hayo. Ikitengenezwa safi hudumu. Madini ya risasi kidogo yakiingia, hata kwa kuchafuka tu, chuma kinaanza kujila kwa ndani: kwanza rangi inavimba malengelenge, halafu nyufa kama za tope lililokauka, halafu mlango unadondoka. Dinky za kabla ya vita zimekufa kwa wingi kwa njia hiyo, na unyevu huiharakisha. Haina dawa. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu rangi ya modeli kuukuu, pitisha kidole chini ya mwanga wa ubavuni. Uvimbe mdogo usiudhanie kuwa ni vumbi lililonaswa na rangi.

MgeniHapa

Ndugu zangu, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Leo nimepita kwa muuzaji mmoja ana Subaru Impreza ya dereva Colin McRae ya Safari ya 1997, ya 1:43, ndani ya boksi lake. Ya bluu, ringi za dhahabu. Lakini haina zile 555 ubavuni, pako wazi! Ni feki?

Kipimo43

Si lazima. 555 ni sigara, na watengenezaji wengi huacha alama za sigara kwenye modeli, hata kama gari halisi lilikuwa nazo kubwa kiasi gani. Mafundi wengine huuza stika hizo pembeni, unazibandika mwenyewe kwa maji. Ukizibandika, ukija kuiuza mwambie mnunuzi. Wakusanyaji tunaita Kodi 1 gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, Kodi 2 lililobadilishwa kwa idhini ya kiwanda, na Kodi 3 lililobadilishwa na mtu bila idhini hiyo. Hakuna dhambi kuwa na Kodi 3. Dhambi ni kuiuza kama Kodi 1. Mimi nimewahi kuuziwa modeli iliyopakwa upya nikiambiwa haijaguswa, nikaja kuona rangi ya zamani ndani ya mfuniko wa buti. Siku hizi kila kinachofunguka nakifungua: ndani ya boneti, pembe za milango, kichwa cha skrubu ya chini. Skrubu yenye mikwaruzo inasema mengi.

Kabla hujalipa, tazama kama hiyo Impreza ina ngao mbele na imesimama juu. Kama iko chini na haina kitu, hilo ni gari la mashindano mengine lililovalishwa namba ya Safari.

MgeniHapa

Ngao ipo, na bomba la hewa lipo. Nimeichukua. Nimepima ekseli na ile 240Z yangu pia, niliyokuwa sijaitaja kwa aibu kwa sababu haina boksi. Imekuja 53.5! Boneti inang'aa lakini, na iko chini.

FundiBodi

Boneti ni kazi ya dakika kumi. Funika bodi yote kwa tepu ya karatasi, puliza klia ya kufubaa mara mbili nyepesi, usiguse rangi yenyewe. Kuinua: fungua skrubu, kata vipande vya plastiki ya mfuniko wa ndoo ya rangi, unene wa milimita moja na kidogo, tia kati ya ekseli na sakafu. Kisha hakikisha matairi bado yanazunguka.

Mleta uzi, wewe ulifanya nilivyokwambia? Umezitoa nje?

Kipimo43

Nimezitoa leo, saa tatu na nusu asubuhi, kivuli cha mwembe, karatasi nyeupe chini. Gari halisi la Herrmann bado lipo, Nissan wamelihifadhi kwenye ghala lao la kumbukumbu huko Zama, Japani. Nilichukua picha zake za mchana, nikachagua zile tu ambazo weupe ndani yake ni weupe kweli. Hapo nilijikumbusha pia kwamba gari likishafanyiwa ukarabati, rangi yake ni ushahidi wa siku ya ukarabati.

Nyanya ndiyo iliyokuja karibu. Ile ya pilipili, ambayo ndani ya nyumba niliiona imepotea kabisa, nje imesogea sana, ikabaki hatua moja tu. FundiBodi alisema kweli, taa yangu ya sebuleni nimeibadilisha jioni hii hii. Zote mbili nimeziacha rafuni. Ya pilipili imepitwa rangi, lakini imesimama juu vizuri kuliko mwenzake na mistari ya milango yake imekatwa kama kwa wembe. Kwangu hiyo ndiyo iliyo bora kati ya hizo mbili, na nitalitetea hilo.

Ya tatu, niliyoipaka mimi, haikukaribia popote. Nje ni nzito zaidi kuliko ndani. Nilitaka kuivua tena.

BintiKisauni

Usiivue, kaka. Umeilinganisha na picha ya mjomba wako ukaipaka ikalingana nayo, na kwa maelezo yako imelingana sawasawa. Basi hilo si gari la Herrmann, ni gari la ile picha. Hakuna mwingine duniani aliye nalo.

WaMutrah

Namuunga mkono dada.

Kipimo43

Nimekaa na maneno yako siku mbili, dada.

Nimezibandua namba 11 kwa maji ya uvuguvugu, maana gari lile halina haki ya namba hiyo. Nimeitoa kwenye rafu ya Safari. Picha ya mjomba nimeitia fremu, nimeiweka ukuta usiopigwa na jua, na gari liko chini yake kwenye kibao cha mninga, limetegemezwa tumboni kama alivyosema WaMutrah. Binti yangu amesema shati la polisi na gari sasa vimepatana.

MgeniHapa, ukimaliza kuinua yako tuwekee picha. Uipige asubuhi, nje.